Uji wa Kabula

Nyie wakunga wapya mnaokuja kunitembelea hapa Makanyagio, nina swali huwa nawauliza hata kabla sijawapa kiti. Mama mwenye uchungu akiingia leba, unamuuliza nini kwanza? Wote mnajibu vizuri. Uchungu ulianza lini, chupa imepasuka au bado, mtoto anacheza, hii mimba ya ngapi. Sawa, walimu wenu hawakula mshahara bure. Lakini sijampata hata mmoja aliyenijibu kwamba atamuuliza amekula lini, na amekula nini. Mimi hilo ndilo nililokuwa naanza nalo mpaka siku nastaafu, na wenzangu walinicheka wakaniita Mama Lishe. Niliitika tu.

Kuzaa ni kazi, wanangu. Ni kazi kuliko kulima mpunga kule Kibaoni, na anayekwenda kulima mpunga hatoki nyumbani bila kiporo. Hakuna mtu mwenye akili atakayemwambia mkulima ashinde na jembe juani, asile wala asinywe, eti kwa sababu huenda jioni akaugua. Lakini sisi miaka ile ya tisini tulikuwa tunawaambia wanawake hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa, na tukawaandikia kwenye kibao kitandani: ASILE. Na tulikuwa na sababu. Sababu yenyewe nitawaeleza, msije mkadhani tulikuwa wachawi.

Wakati huo Mpanda ni wilaya tu ya Rukwa, habari za mkoa wa Katavi hakuna. Mimi nilitoka Ufipa na begi moja na blanketi, binti wa watu, Paskalia, nesi mpya, nikapangiwa kituo kidogo nje ya mji. Jina lake halina kazi hapa. Kilikuwa na vyumba vichache, mwembe hatukuwa nao, tulikuwa na mkorosho mmoja mgonjwa na choo kilichoinama. Mkunga mkuu alikuwa Bi Zaituni, mzaliwa wa mjini Mpanda, mtoto wa wafanyabiashara. Mama mfupi, mikono midogo, sauti ya mtu anayeuza samaki. Mikono ile, ee Mungu. Nimefanya kazi na wengi, lakini sijaona mtu anayegeuza mtoto aliyekaa vibaya kama yule mama. Alikuwa anafunga macho, anasikiliza kwa vidole.

Alinifundisha kila kitu nilichokuja kuwa nacho. Alinifundisha kumsoma mama kwa nyayo, kwamba anayekunja vidole vya miguu bado ana safari, na anayevikunjua na kunyamaza ghafla yuko karibu, vaa glovu. Alinifundisha kumpeleka mama chooni kila mara, maana kibofu kikijaa mtoto hana pa kupita. Siku yangu ya kwanza leba nilianguka. Sikuwa nimekula tangu jana yake kwa sababu ya woga, nikasikia masikio yanavuma, nikaamka niko chini na Bi Zaituni ananimwagia chai mdomoni. Akaniambia mwenye uchungu ni yule pale kitandani, sasa wewe unazaa nini? Chai ile ilikuwa na sukari nyingi mno. Yule mama kitandani alikuwa anaiangalia ile chai. Wakati ule sikumtilia maanani.

Basi sheria ilikuwa hiyo, mama akishaanza uchungu wa kweli, asile wala asinywe. Na wao walikuwa wanaivunja kwa kila mbinu. Kuna mmoja alificha karanga kwenye kilemba, uchungu ulipomkamata akainama, karanga zikamwagika sakafu nzima, Bi Zaituni akateleza akakaa kitako, mama akacheka mpaka mtoto akatoka. Kuna mwanamume mmoja alitumwa na mama yake alete uji wa mkewe. Tukamwambia mkeo haruhusiwi. Akakaa barazani, akaunywa wote peke yake taratibu, akarudi kutulalamikia kwamba sukari ilikuwa kidogo.

Tulicheka sana. Lakini chumba chetu cha zamu kilikuwa mlango wa pili tu kutoka leba, na mchana tulikuwa tunapika humo wali na dagaa wa Karema, wale wenye harufu inayofika kabla yao. Sisi tunakula, na ng'ambo ya ukuta kuna mtu tangu jana hajaweka kitu mdomoni, ananusa. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Msemo huu nilikuwa nausikia tangu utotoni, nikidhani unawasema matajiri.

Sasa sababu. Ya kwanza mnaijua nyie vizuri kuliko mimi. Mtu akipelekwa kupasuliwa tumbo limejaa, akapewa dawa ya usingizi, chakula kinaweza kurudi juu kikaingia kwenye mapafu. Hilo ni kweli, msilidharau. Hata leo, mama ambaye dalili zake zinakuonyesha ataishia kwenye kisu, zuia ugali, zuia nyama, na muulize daktari.

Sababu ya pili ndiyo iliyokuwa ya kwetu. Uji wa Mpanda ulikuwa na mambo. Bibi akiona mjukuu anachelewa, anachuma mizizi yake, anachemsha, anachanganya kwenye uji au chai ya rangi, anamletea. Dawa ile inauamsha uchungu kwa nguvu, tena uchungu usio na pumziko. Kizazi kinakaza, kinakaza, hakiachii. Mimi mwenyewe sijamaliza miezi mingi pale nikaona mama wa watoto kadhaa, mama mzoefu, akinywa uji ulioletwa na shangazi yake, na kabla jua halijageuka akapiga kelele moja tu, tumbo likabadilika umbo. Kizazi kilipasuka. Tulimpoteza na mtoto wake. Bi Zaituni alimfunga mama yule kitenge kwa mikono yake, hakumruhusu mtu amsaidie.

Tangu hapo akaweka utaratibu wake. Chakula chochote kutoka nyumbani hakivuki mlango wa leba. Na kama kuna mama amechoka sana, Bi Zaituni akaona kweli anahitaji kitu, basi aliyeleta uji anaonja kwanza. Mbele ya mkunga, kikombe kizima, palepale mlangoni. Akinywa bila wasiwasi, uji ni safi. Akisitasita, uji una kitu, unarudi ulikotoka. Tulikuwa na kikombe cha bati cha kazi hiyo, kimening'inia kwenye msumari.

Na njia ile ilifanya kazi, nisiwadanganye. Si nyumbani kwetu wote mwenye pombe anaonja kwanza, ndipo anampa mgeni? Kila mtu alielewa maana yake. Kina mama wa Kirundi wa kutoka makambi ya wakimbizi walikuwa wanakunywa huku wanatusonya. Kuna bibi mmoja wa Kipimbwe alikunywa kikombe, akajipanguza mdomo, akatuambia na nyie onjeni basi, maana hatuwaamini vilevile. Tukaonja. Na kuna wengine walikiangalia kile kikombe, wakafunika sufuria yao wakaenda zao bila neno, na sisi tukajua tumeokoa mtu.

Ndiyo maana nawaambia, Kabula alipokuja, hatukuwa tunafanya ukatili. Tulikuwa tunafanya kazi kwa njia iliyokuwa imetusaidia.

Aliletwa Jumamosi asubuhi, wakati wa mvua, kwenye baiskeli ya mumewe, wakitokea mashambani mbele ya Mwamkulu. Walikuwa Wanyamwezi, watu waliohamia kutoka upande wa Tabora. Mimba ya kwanza. Binti mrefu, mwembamba, mwenye mwanya, na hata kwenye uchungu alikuwa anaomba samahani. Samahani nesi, nimekushika mkono kwa nguvu. Samahani nesi, nimechafua shuka. Mumewe, Shija, kijana mtaratibu, alimshusha, akanikabidhi furushi la khanga, akaenda kusimama barazani na baiskeli yake.

Uchungu ulikuwa umeanza siku iliyotangulia. Alikuwa ametapika, na hajala kitu tangu hapo. Bi Zaituni alimpima akaridhika. Mtoto ameshuka vizuri, mapigo mazuri, njia imefunguka nusu. Uzazi wa kwanza una uvivu wake, tutasubiri. Kibao kikaandikwa ASILE, maana huyu kama mambo yangekwama angepelekwa mjini kupasuliwa.

Kufika mchana uchungu ulianza kulegea. Unajua kulegea kwa uchungu kunavyokuwa, unakuja unakaribia kushika halafu unakata tamaa. Midomo ilimkauka ikapasuka. Pumzi ilikuwa na ile harufu ya tunda lililoiva kupita kiasi, harufu ya mwili unaojila wenyewe. Kwenye kabati tulibakiwa na dripu za maji ya chumvi, za sukari ziliisha na tulikuwa tunazisubiri. Nikamtundikia hiyo ya chumvi. Nikalowesha kitambaa nikamfuta midomo, na yeye akakidaka kile kitambaa kwa meno, akakifyonza. Nilipotaka kukitoa hakukiachia.

Nikamwambia Bi Zaituni huyu ana njaa. Akamwangalia, akamshika tumbo, akakubali. Akasema wakileta uji mwepesi, apewe kidogo.

Na uji ukaja. Mama yake Kabula alitokea kwa miguu, kwa njia ya nyuma, ile inayopita kwenye mashamba ya mihogo, si ile ya barabarani alikopita mkwewe. Mama mzima, mweusi, kichwani sufuria imefungwa kwa kitenge ili isipoe. Alipofika kwenye kona ya jengo akamwona Shija amesimama barazani, akasimama. Akavuta khanga akafunika nusu ya uso. Shija naye akageuka, akasogea mwisho wa baraza, akaangalia barabara. Mimi niliona yote hayo. Niliona kwa macho, sikujua ninachokiona. Sisi Wafipa tuna mambo yetu, hayo ya kwao sikuwa nimeyajua bado.

Bi Zaituni akamwita aje mlangoni. Akaja kichwa chini, akatusalimia kwa sauti ndogo sana. Akafungua kitenge. Ulikuwa uji wa mtama wenye karanga, umechujwa vizuri, na ukwaju kwa mbali. Harufu yake ninayo mpaka leo. Bi Zaituni akachukua kikombe msumarini, akamchotea, akampa, akamwambia karibu mama, onja kwanza.

Mama yule akakishika kikombe. Akaangalia chini. Akainua macho kidogo kuelekea barazani, akayashusha. Hakunywa.

Bi Zaituni akarudia. Mama akasema polepole, karibu hatukumsikia, kwamba ataenda kunywa huko nyuma ya jengo, kisha atarudi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtu anayetaka kuonja mahali ambapo hatuoni! Bi Zaituni akakaza sauti, akamwambia utakunywa hapa hapa nikikuona, ama uondoke na dawa zako. Uji ukamwagika kidogo kwenye vidole vya mama, na hata hivyo vidole hakuvilamba. Akanyamaza kabisa. Kwa mtu aliyemfunga kitenge yule marehemu mwingine, kimya kile kilikuwa ushahidi tosha.

Palepale Kabula akaniita ndani, nikaingia. Alikuwa amejiinua kwa kiwiko. Aliniambia maneno ambayo nitawaambia mbele. Nikamwambia subiri, wanazungumza. Nilipotoka tena mlangoni, mama yake alikuwa ameshafunga sufuria, anaondoka kwa njia ileile ya mihogo, haraka, karibu anakimbia. Bi Zaituni anakitundika kikombe msumarini. Akaniambia umeona, Paskalia, angetuulia mtoto wake mwenyewe.

Leo kila mmoja wenu ananiambia, si mngemsindikiza huko nyuma akanywe? Ndiyo. Leo ni rahisi.

Uchungu ukazidi kulegea. Bi Zaituni alimtuma Shija kwa mfanyabiashara mmoja mjini mwenye pikapu, aje tumkimbize hospitali, maana gari la wagonjwa lilikuwa gereji kama kawaida yake. Shija akapanda baiskeli na mvua yote ile. Na sisi tukabaki na Kabula, tunamgeuza, tunamsimamisha, tunamtembeza. Miguu haikumbeba. Alikuwa anasema samahani nesi, sina nguvu. Alasiri, kwa kusukuma ambako sijui alikutoa wapi, na kwa mikono ya Bi Zaituni, mtoto akatoka. Wa kike. Alilia vizuri.

Tukashukuru. Kondo likatoka. Kisha damu ikaja, haikukata.

Mnafundishwa kwamba kizazi kikishatoa mtoto kinatakiwa kikaze kiwe kigumu, ukikishika tumboni unasikia kama embe bichi. Cha Kabula kilikuwa kama unga uliokandwa maji mengi. Bi Zaituni alikisugua, tukampiga sindano ya kukaza, tukampiga nyingine, akaingiza mkono akakikandamiza kwa ndani na nje, jasho linamtiririka puani. Kinakaza kidogo, kinaachia. Kilikuwa kimechoka. Misuli ni misuli tu, wanangu, na misuli ile tangu jana yake ilikuwa inafanya kazi bila kupewa kitu. Sisemi njaa ndiyo iliyomuua. Damu baada ya uzazi ina milango mingi, nimeona imewachukua na walioshiba. Nasema tu kwamba alikwenda kwenye vita vile akiwa mtupu, na uji ulikuwepo mlangoni.

Alikata roho mtoto wake akiwa amefungwa kwenye khanga pembeni yake.

Tulikuwa bado tunamfuta, jua limeanza kuinama, tukasikia watu wanakuja. Nikatoka. Ni mama yake, na mwanamke mwingine, jirani yao, mnene, anahema. Wameloa wote wawili. Sufuria ileile kichwani, kitenge kingine kikavu, uji umepashwa upya. Jirani yule hakuwa na haya, alikuja moja kwa moja akanyoosha mkono.

"Nipeni hicho kikombe. Nimeletwa kuonja."

Sikuelewa. Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto, kwamba mwenzake hawezi kula wala kunywa mbele ya mkwewe, ni mwiko kwao, mama mkwe na mkwe hata uso hawaangaliani, sembuse kutia kitu kinywani. Na hawezi kulisema hilo mkwe akiwa pale karibu, ni aibu juu ya aibu. Kwa hiyo, akasema, amekwenda mpaka nyumbani kunifuata mimi, nisiye mkwe wa mtu, nije ninywe badala yake. Kikombe kiko wapi? Mbona umesimama?

Bi Zaituni alikuwa ametokea nyuma yangu. Alisikia yote. Mikono yake bado ilikuwa na damu. Jirani aliiona ile mikono, akanyamaza katikati ya neno. Mama Kabula alishusha sufuria chini polepole, kwa uangalifu, isimwagike.

Shija alifika na pikapu muda si mrefu. Alipoambiwa alikaa chini kwenye tope, karibu na tairi, akakaa sana. Kisha akataka kujua ilikuwaje, na Bi Zaituni, ambaye sikuwahi kumwona akikosa maneno, alimweleza mwenyewe, hakuficha, habari ya kikombe na kuonja. Kijana akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mngeniambia tu nitoke," alisema. "Ningetoka. Ningekwenda hata kule barabarani."

Hakupandisha sauti. Hilo tu ndilo alilotuambia, na mimi nimeishi nalo miaka yote hii.

Kwa hiyo mkiniuliza kazi yetu ilibadilikaje, haikubadilishwa na semina. Semina zilikuja baadaye, na posho zake, na soda. Kwenye kituo chetu ilibadilika wiki ileile. Bi Zaituni alikitoa kile kikombe msumarini, na kuanzia hapo akawa anaonja mwenyewe. Uji ukiletwa, anachota, anatia ulimini, anatulia. Mizizi ina uchungu unaobaki nyuma ya ulimi na kukausha mate, ukishaijua huipotezi. Akiridhika anampa mama, kwa kijiko, kati ya uchungu mmoja na mwingine, kidogo kidogo. Uji uwe mwepesi, uwe vuguvugu, usiwe na mafuta. Akitapika, mpanguze, mpe tena, kutapika si dhambi. Chai ya rangi yenye sukari inafaa. Maji, kila mara. Na kama hujui kwa nini ndugu ya mgonjwa amekataa jambo, mvute pembeni peke yake umuulize kwa sauti ndogo. Watu wa mkoa huu tumetoka kila upande, kila mmoja na miiko yake, hakuna kitabu kitakachowatosheni. Kuuliza si ujinga.

Kuna siku mmoja wenu, simtaji, alinijibu kwamba siku hizi mambo hayo ya miiko yamekwisha, watu wana simu. Haya. Mpelekee mama mkwe wa Kinyamwezi soda mbele ya mkwewe, halafu uje uniambie.

Tulikwenda msibani, mimi na Bi Zaituni. Wenzetu walituambia tusiende, tutapigwa. Bi Zaituni akasema wakinipiga watakuwa wamefanya vizuri. Tulitembea mpaka kule mashambani, jua kali baada ya mvua, viatu vimeshikwa na udongo. Tulikuta wameshazika. Wanaume wako upande wao, wanawake wamekaa kwenye majamvi nyuma ya nyumba. Walipotuona na magauni yetu ya kazi, maneno yalikatika jamvi zima. Jirani yule mnene ndiye aliyetusogezea mahali pa kukaa.

Mama Kabula alikuwa amekaa ukutani, mtoto mapajani, amefunikwa. Hakuwa analia. Walituambia hajalia tangu siku ile, na wanamwogopea. Bi Zaituni alijikokota mpaka mbele yake, akapiga magoti. Mama yule hakumwangalia. Aliniangalia mimi.

"Wewe ulikuwa naye ndani," alisema. "Aliomba kula?"

Wanawake wote walikuwa wananitazama. Nilitamani kumwambia hapana, mayu, kama wao wanavyomwita mama, hakusikia njaa, uchungu humsahaulisha mtu. Ningeweza kusema hivyo na nadhani wengi pale wangenishukuru. Lakini macho ya yule mama hayakuwa ya mtu anayetaka kufarijiwa. Alikuwa anataka kujua.

"Aliomba, mayu," nikamwambia. "Ulipokuwa mlangoni aliniita. Alisema, huyo ni mama yangu, nimesikia sauti yake. Ameleta uji. Mwambieni aingie."

Alimfunika mtoto vizuri, akamfunua, akamfunika tena. Nyuma yetu kuku wanaparua.

"Basi alijua nimeuleta," akasema.

Hapo akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha mtu aliyekuwa amekifunga, na wanawake wote wakaitikia, na jirani yake akampokea mtoto. Nikafahamu kwamba alichokuwa amekibeba siku zote zile si hasira juu yetu. Alikuwa anaogopa kwamba mwanawe amekufa akidhani mama yake amekuja mikono mitupu, ama hakuja kabisa.

Alipotulia alijifuta uso kwa khanga, akawaambia wanawake watuletee chakula, kwamba wageni hawa wametembea jua lote na hawajala. Tukaletewa maji ya kunawa, ugali wa mtama na mlenda. Bi Zaituni alinawa, akamega tonge, akalitia mdomoni, likamshinda kumeza. Mimi nilikula mpaka sahani ikaisha, kwa sababu mama yule alikuwa amekaa pale mbele yangu, ananitazama nikila.